Swichi ya Posho Mill

Siku yangu ya kwanza kazini, Sapavaiza wa chumba cha kuongozea stima hapa Nakuru hakunikaribisha hata chai. Alinionyesha ubao uliojaa ukuta mzima, laini zetu zote zimechorwa kwa rangi, akasema, "Ukisema laini imezimwa na haijazimwa, wewe ndiwe utaenda kumwambia mke wa mtu." Niliukariri ubao wote.

Kazi ilikuwa hivi: fundi hapandi nguzo mpaka nimthibitishie kwa redio kwamba swichi ya laini yake imefunguliwa, yaani stima imekatwa. Namba za swichi zilikuwa zimefifia, kwa hivyo mafundi walizipa majina. Moja ya mtaa wa Rhonda iliitwa Posho Mill. Posho mill yenyewe, kinu cha kusaga mahindi, ilihamia mtaa wa pili zamani, lakini jina lilibaki kwenye nguzo ileile. Ni sisi wakongwe tuliojua hivyo.

Ndipo akaja Injinia Kiprono, ametoka chuo juzi. Meneja wa Kanda alituita akaeleza kwamba sasa umeme wa mvuke na wa jua unaingia kwenye gridi kutoka kila upande. Ukikata huku, umeme unaweza kuingilia kule. Swichi zote lazima ziwekwe kwenye kompyuta. "Kiprono ataongoza," akasema. "Mama Njeri, wewe umsaidie na majina."

Majina! Miaka ishirini na nane kazini, nimsaidie mtoto na majina!

Nilimwonea wivu, sifichi. Nilionea wivu hata kiti chake cha kuzunguka. Alitembea mitaani na simu akiweka alama kila swichi ilipo, akarudi ameiandika Posho Mill pale posho mill ilipo sasa. Nililiona kosa nikanyamaza. Nilitaka aaibike mbele ya Meneja, basi.

Siku ya majaribio, fundi wetu Baraka alikuwa Rhonda, chini ya ile nguzo ya zamani ya Posho Mill. Kiprono akabofya, skrini ikaonyesha Posho Mill imefunguka. Akamwambia kwa redio, "Baraka, uko sawa, panda."

Jamani! Siku zote hizo nilikuwa nimewaza aibu ya Kiprono tu. Baraka sikuwa nimemwaza hata kidogo. Nikaipokonya ile redio. "Baraka, shuka! Hiyo laini iko moto! Iliyozimwa ni ya mtaa wa pili!"

Alishuka. Meneja akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili. Kiprono alinifuata kantini. "Mathe, si ungeniambia tu?"

"Nilikuwa na wivu na wewe."

Akavuta kiti na kufungua laptop. "Haya. Tuanzie Rhonda."

Wiki tatu tulizunguka mpaka Mai Mahiu, nguzo kwa nguzo. Nilimpa kila nilichojua, na kila jina liliniuma likitoka.

Nilistaafu mwaka jana. Juzi mvua ilinyesha, stima ikapotea. Kwa mazoea nikashika simu, nikingoja wenzangu wa kazini waniulize ni swichi gani. Kabla sijavaa miwani, friji ikaunguruma tena. Kompyuta ya kule kazini ilikuwa imeitafutia stima njia nyingine yenyewe. Wajukuu wakashangilia, mimi nikanuna mpaka chai ikapoa.

Baraka namwona kila Jumapili kanisani na watoto wake, mzima kabisa, na namshukuru Mungu. Lakini ile simu, jamani, natamani ilie hata mara moja.