Shangazi Alipomchekea Askari

Hata leo, nikisikia harufu ya ufuta unaokaangwa, damu hunichemka. Wajukuu hunicheka: "Bibi, ufuta umekukosea nini?" Haukunikosea kitu. Waliokosa ni wengine.

Nilikuwa bado kibogoyo wa meno ya mbele shangazi yangu Mwanaisha aliponichukua kutoka Mambrui kwenda naye sokoni Ganda. Tulivuka mto Sabaki kwa mtumbwi, kisha tukafuata njia ya mashamba hadi tukasikia soko kabla ya kuliona: kuku wanalia, wanawake wa Kigiriama wanabishana na kucheka, Muhindi mwenye duka ananadi vitambaa. Asali ilikuwa kwenye vibuyu, mahindi na mtama kwenye vikapu.

Shangazi alileta papa mkavu. Kila safari alibadilishana kwa ufuta na Sidi, mama wa Kigiriama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya pili. Sidi alinitilia ufuta wa moto kiganjani.

"Tafuna, mwanangu, meno yarudi upesi."

Sijamaliza kutafuna, akatokea askari wa serikali, kijana mgeni, fimbo mkononi.

"Nafaka yote iletwe hapa! Ni amri!"

Akakipiga teke kikapu cha Sidi. Nanyi mwaujua ufuta: ukimwagika mchangani, basi tena. Sidi alipiga magoti kuuokota, na yule kijana akamsimamia na viatu vyake.

Nilimtazama shangazi. Mambrui nzima iliuogopa ulimi wake; wavuvi wazima walibadili njia wakimwona amekasirika. Nikangoja amchane yule mtu.

"Karibu kivulini, mwanangu," akasema. "Jua kali hili. Umekula?"

Akamtandikia mkeka kwenye kivuli cha duka, akamketisha mgongo ukielekea sokoni. Akampa pande kubwa kuliko yote la papa, akamuuliza habari za mamake, na kila alichosema yule kijana, kizuri na kibaya, shangazi alicheka hadi machozi. Mimi niliutema ufuta wangu kwa hasira.

Njiani nilikataa kumshika mkono.

"Amemdhalilisha shoga yako, nawe wamchekea!"

"Tembea," akasema. "Mtumbwi hautungoji."

Miaka mingi nilibaki na kinyongo hicho. Shangazi alipofariki, Sidi, mzee sasa, alikuja matangani kwa miguu. Nikamweleza nilivyoona aibu siku ile. Akanishangaa.

"Kumbe hukuona? Yule alipokuwa akila, sisi tulikuwa twahamisha vikapu, kimoja kimoja, twavificha kwenye shamba la muhogo. Alipoinuka hakukuta ila kuku na vibuyu. Mwaka ule wa njaa, wanangu walikula kwa kicheko cha shangazi yako."

Nililia, nikamwombea rehema Mwanaisha wangu. Lakini msidhani hasira ilipoa. Ilimwacha yeye tu, ikaenda ilikostahili. Kwa nini mwanamke mwenye heshima zake alazimike kumbembeleza kijana aliyemwaga chakula cha watu, ndipo watu wapate kula?

Jioni ya siku ile ya soko, tulipofika nyumbani, shangazi alikaa karibu na mtungi muda mrefu, akisukutua kinywa, akitema, akisukutua tena. Nilidhani ni vumbi la njiani.