Notisi Nyuma ya Lori

Mimi huona haya hata kuagiza chai. Nilipotaka kuacha udereva wa lori la ng'ombe, karani wetu, Mama Hadija, alinionya: “Toa notisi ya mwezi, la sivyo malipo ya likizo umeyapoteza.”

Niliona haya kumuuliza notisi ni nini; nilizozijua ni za shuleni, za kubandikwa ukutani. Kwa kuwa karatasi ingepeperuka, nikaandika kwa rangi nyuma ya lori: NAACHA KAZI, jina langu na tarehe. Mwezi mzima, Garsen hadi Bangale, wafugaji waliniaga.

Siku ya mwisho nilipofuata malipo, tajiri wetu mwenye lori, asiyetoka ofisini, aling'aka: “Notisi gani? Sijapokea!”

Nikamwonyesha lori kwa kidole.

Mama Hadija alicheka hadi machozi. “Notisi ni barua, mwanangu! Lakini tajiri, mlipe. Bangale nzima imeisoma.”

Akalipa likizo yote.