Nati Isiyolika

Niliingia karakana nikiwa mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na mmoja, na miezi miwili ya kwanza walinipa kazi moja tu: kufagia. Aliyenitoa kwenye ufagio ni fundi mkuu, mzee Mwislamu wa upande wa Tunduru, aliyekuwa na mikorosho yake kule kwao na mkono wa kazi za vyuma ambao sijauona tena kwa mtu mwingine. Aliniita kwenye mashine ya kuchongea, akanionyesha namna ya kunoa kisu chake, na alipoona siogopi cheche akasema kuanzia siku hiyo binti huyu ni wake. Wenzangu walicheka kwa namna yao. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka saba, na kila asubuhi aliitikia marahaba bila kuinua macho kwenye kazi.

Karakana yetu ilikuwa Songea mjini, upande wa njia ya kwenda Ruhuwiko. Baada ya mavuno watu walituletea mashine zao za kusaga kutoka Mpitimbi na vijiji vya mbali zaidi, bushi, zile pete zinazoshika shafti, zimelika, shafti zimepinda. Kung'oa bushi ya zamani na kusukumia mpya ilikuwa kazi ya presi. Presi yetu ilikuwa ya mkono: fremu ya chuma iliyosimama kama fremu ya mlango, gurudumu juu, na katikati skrubu nene kama paja la mtoto. Ukizungusha gurudumu, skrubu inashuka kupitia nati kubwa iliyokaa kichwani mwa fremu, na kilichowekwa chini kinasukumwa kitake kisitake.

Skrubu ilikuwa ya chuma cha pua. Nati ilikuwa ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, laini kuliko skrubu. Kila baada ya mwaka au miwili meno ya nati yalilika, tukachonga nyingine. Mwanzoni niliona ni kazi ya kijinga, nikamwuliza mzee kwa nini tusitengeneze nati ngumu tukapumzika. Akanieleza kwa upole kwamba vitu viwili vikisuguana lazima kimoja kilike, na fundi ni yule anayechagua mapema kitakacholika. Nati tunaichonga wenyewe kwa siku mbili. Skrubu hatuiwezi, kwa kuwa mashine yetu ya kuchongea ni fupi kuliko skrubu yenyewe. Basi nati ife, skrubu ipone. Niliyaandika maneno hayo nyuma ya daftari langu, na ninayaleta hapa ili ijulikane kwamba sikukosea kwa kutojua.

Nati iliyokufa haikutupwa. Ilikatwa vipande ikatiwa kwenye sanduku la mbao chini ya benchi, pamoja na bushi mbovu, koki za maji zilizokwisha, na chenga za bronzi nilizokuwa nikizifagia chini ya mashine. Sanduku likijaa, mzee aliyeyusha vyote akamimina nati mpya kwenye kalibu ya mchanga. Bronzi ile ile ilizunguka hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeiita uchafu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara za watu binafsi. Maduka yalijaa sabuni na khanga, na hilo silisemi vibaya, maana nami nilioga na kujifunga. Lakini ruksa ilituletea pia wanunuzi wa vyuma chakavu, na meneja mpya aliyefunga tai hata kwenye joto la Novemba. Huyo alitukusanya akatuambia karakana itatoka serikalini ipate mwenyewe, wakaguzi watakuja kuangalia mashine na watu, na ipo orodha ya watakaobaki. Neno orodha alilitamka taratibu, akitutazama mmoja mmoja. Ijumaa moja akaamuru uwanja usafishwe. Mzee aliporudi kutoka msikitini alikuta sanduku la bronzi tupu, vyote vimeuzwa kwa wanunuzi wa chakavu, akakaa juu yake.

Wakati huo nati ya presi ilikuwa imebakiza meno membamba sana, na wakaguzi wanatarajiwa. Tukakutana benchini kuchagua chuma cha nati mpya. Mzee alileta kipande alichokata kwenye bodi ya mashine ya kusaga iliyovunjika, chuma cha kusubu, kile ambacho ukikipiga nyundo hakipindi, kinavunjika. Alikubali kwamba hakifikii bronzi. Lakini kitalika chenyewe na skrubu itabaki salama, na tutakibadilisha kila miezi michache mpaka Mungu alete bronzi nyingine. Meneja akakitazama kama mtu aliyetengewa ugali wa jana. Yeye alikuwa amebebesha watu kipande cha shafti ya katapila bovu lililoachwa na wajenzi wa barabara, chuma kigumu kuliko chochote tulichokuwa nacho. Alisema wageni hawawezi kuonyeshwa presi inayofanya kazi kwa mabaki ya mashine ya unga, na kwamba kitu cha kubadilishwa kila baada ya miezi ni mawazo ya zamani. Kisha akanigeukia mimi, si mzee.

"Dada, wewe umesoma chuo. Hii unaiweza?"

Nilijibu kwamba naiweza.

Nilikuwa na watoto wawili, na mume aliyekwisha kupunguzwa kazi kwingine. Lakini sitaki kujificha nyuma ya watoto. Nilitaka kuonekana. Miaka saba nilikuwa binti wa mzee, na siku ile kwa mara ya kwanza mtu mkubwa aliniuliza mimi. Nikaona utamu wake, na daftari langu likabaki limefungwa.

Niliichonga kwa siku nne. Chuma kile kilinilia visu vingi, nikavinoa na kurudi tena. Nilipomaliza meno nikaipasha moto mpaka ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye oili chafu ili ikaze. Ilitoka nyeusi, nzuri, kila jino limekaa sawa na mwenzake. Hata waliokuwa wakinicheka walikuja kuipapasa. Nilimpelekea mzee kama mwanafunzi anayepeleka daftari kusahihishwa. Aliigeuza mkononi, akapitisha dole gumba ndani, akasema kazi ni safi, hajaona safi kama hiyo. Akanirudishia. Nilisubiri aseme lile lingine, la skrubu, lakini hakulisema, nami sikumwuliza.

Wiki mbili presi ilikwenda vizuri, na meneja alikuwa akiizungusha kwa mkono mmoja mbele ya kila mgeni. Mzee ndiye aliyeipaka grisi asubuhi na jioni, bila kutumwa na mtu. Wiki ya tatu ikaanza kulia. Mzee aliongeza grisi, akamwendea meneja ofisini kumwomba presi ipumzishwe nati itolewe. Akaambiwa asubiri wakaguzi waondoke.

Wakaguzi walikuja watatu. Meneja aliwapeleka moja kwa moja kwenye presi, akaweka shafti iliyopinda wajionee inavyonyooshwa. Katikati ya kazi gurudumu likakwama. Mzee alisema liachwe. Meneja akaagiza bomba litiwe kwenye gurudumu, wanaume wanne wavute. Wakavuta. Kitu kikachanika ndani kama gunia, gurudumu likaachia, na wale wanne wakaangukiana sakafuni. Tulipoifungua, skrubu ilikuwa imevuliwa meno katikati, vipande vinang'aa kwenye grisi. Grisi ilikuwepo, nyingi tu. Kila mwenye macho aliiona.

Kesho yake tukaitwa uwanjani. Meneja alikuwa na wageni aliotakiwa kuwaridhisha, na alihitaji mtu mmoja wa kuwaonyesha. Akasema presi imekufa kwa kukosa grisi, na mwenye kazi ya grisi anajulikana. Kisha akaniuliza mbele ya wote kama nati yangu ilikuwa na kasoro.

Nilikuwa na majibu mengi siku ile. Ningesema nati ndiyo imeua skrubu. Ningesema tulionywa, na aliyetuonya ni huyu mnayetaka kumfukuza. Ningekimbia kuleta daftari. Nilimtazama mzee, naye kwa mara ya kwanza aliinua macho akanitazama.

"Nati haina kasoro," nikasema.

Ilikuwa kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Mzee akavua kofia yake ya kazi akaikunja.

"Binti amesema kweli," akawaambia. "Nati haina kasoro."

Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, na wanaume wote kumi wangemuunga mkono, maana hakuna fundi pale asiyejua. Walinyamaza kama mimi, kila mmoja na orodha yake kichwani. Wiki hiyo hiyo mzee alifukuzwa, akapanda lori la Tunduru na sanduku lake la nguo, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami sikusikia, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Nilipewa nafasi yake. Niliishika kwa miezi mitano, kwenye karakana isiyo na presi, nikiwaambia wenye mashine za kusaga wajaribu kwingine. Kisha orodha ikasomwa na sikuwemo. Wala wengine hawakuwemo, isipokuwa mlinzi. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kuchukua fremu ya presi na skrubu yake. Nati niliwahi kuificha kwenye kikapu.

Miaka kadhaa baadaye nilisikia mzee anaumwa miguu, nikasafiri kwenda kwake. Niliifunga nati kwenye khanga nikaipakata njia nzima. Nilimkuta barazani kwake, amekaa kwenye mkeka akichambua korosho. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo mzee. Akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye korosho zake.

Nikafungua khanga, nikaiweka nati mbele yake, nikamwomba anisamehe. Aliichukua, akapitisha dole gumba ndani kama siku ile.

"Haijalika hata kidogo," akasema. "Wewe nilikusamehe pale pale uwanjani, binti yangu. Lakini hiki chuma chako ondoka nacho, sikitaki nyumbani kwangu."

Nilikaribishwa chakula nikala. Nikarudi Songea na nati yangu mapajani. Siku hizi inazuia mlango wa jiko, na kila masika naipaka mafuta isishike kutu. Meno yake ni mazima yote.