Kubadhi la Kulia

Juzi kijana wa kituo cha petroli alifungua chupa ya mafuta ya breki karibu na dirisha langu, na harufu ikanifikia kabla sijapandisha kioo. Mnaijua? Ni nzito, yenye utamu wa uongo, kama dawa ya kikohozi iliyomwagikia samaki. Wenzangu wa Mji wa Kale hukumbuka utoto wao kwa asumini na udi. Mimi hukumbuka kwa mafuta ya breki, na uso hunishuka.

Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Miaka ile ya tisini, kila akisafiri, alimwachia mama gari letu jeupe, kuukuu, lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Mama alilipenda, maana ndicho kitu pekee ambacho baba alimkabidhi bila kuwauliza nduguze. Aliliendesha na buibui lake, amekaa wima kama anayepigwa picha. Ningepaswa kujivuna. Lakini watu walisimama kumtazama, nami nilikuwa na miaka kumi, umri ambao kutazamwa ni adhabu.

Kisha breki zikaanza kulegea. Mama alifungua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya breki kimepungua, akakijaza. Baada ya siku chache kikapungua tena, na chini ya gari hapakuwa na hata tone. Tukalipeleka Makupa kwa Fundi Charo, mtu mpole mwenye adabu zake. Alifungua magurudumu yote, akafuata mabomba kwa kidole, huku mama amekaa kwenye usukani akikanyaga pedali kila akiambiwa. Kote kukavu. Charo alikagua kila mahali isipokuwa pale miguuni pa mama. Kuinamia miguu ya mke wa mtu ni jambo ambalo asingelifanya hata kama gari lingekuwa linawaka moto.

"Labda mama wakanyaga sana," alisema, akitazama pembeni.

Neno hilo lilimtosha ami, nduguye baba. Alilitembeza baraza hadi baraza. "Mafuta yaenda wapi kama si hofu ya shemeji? Akanyaga breki kama aua nge!" Akaapa kwamba likitokea lolote atachukua funguo, na gari lingoje mwenyewe arudi.

Likatokea, karibu na Ngome ya Yesu. Nilikuwa nimekaa kushoto kwa mama. Pedali ilizama hadi chini, gari likateremka polepole kama linalokwenda kusalimia, likaisukuma meza ya muuza vinyago, likagota. Twiga na vifaru wakamwagika barabarani. Hakuna aliyeumia ila kifaru mmoja aliyevunjika pembe. Watalii wakapiga picha. Ng'ambo ya barabara walikuwa wasichana wa darasa langu, wameshikana mabega kwa kucheka.

Niliubandua mkono wa mama kifuani kwangu, nikajiteremsha hadi sakafuni nijifiche. Pale chini nikauona mguu wake wa kulia umelowa, unang'aa. Jasho, nikawaza. Kumbe ami asema kweli, mama ni mwoga. Hapo sikuona haya tena kwa sababu ya watu. Nilimwonea haya mama yangu.

Jioni ami alikuja. "Na breki ya mkono, shemeji? Hiyo nayo hukuiona?"

Mama alifungua mkoba. Alizitoa funguo, akampa. Nami, niwaambie nyinyi tu, nilifurahi kwamba sasa nitakwenda shule kwa miguu kama wenzangu.

Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kusafisha viatu vilivyopangwa mlangoni. Kubadhi la kulia la mama lilikuwa limepauka, ngozi imepoteza rangi, ilhali la kushoto lingeweza kuvaliwa Idi. Kwa majuma kadhaa bibi alikuwa akinigombeza kwamba namwaga mafuta ya nazi kizingitini. Nikalinusa.

"Mama, kubadhi lako lanuka ile chupa ya gari."

Mama alilichukua, akalinusa, akaketi pale pale kizingitini. Alianza kwa kucheka, akamalizia kwa machozi. "Nami nikidhani ni jasho langu," alisema. "Kila siku najifuta watu wasije wakaniona."

"Kikulacho ki nguoni mwako," bibi akasema. "Chako wewe, mwanangu, ki kiatuni."

Mama alikwenda na kubadhi lile hadi kwa ami, akamwekea mbele yake. Ami alilinusa, akakohoa, akazitoa funguo. Kule Makupa, safari hii mama alishuka garini kwanza, ndipo Charo akainua zulia la chini ya pedali. Lilikuwa chepechepe. Mpira wa silinda kuu ya breki ulikuwa umelika, na mafuta yakishuka kwa siri kando ya pedali hadi mguuni pa mama. Charo akabadilisha mipira, akatoa hewa, pedali ikawa ngumu. Aliomba radhi mpaka mama akamwambia basi.

Kwa miaka mingi nilidhani kisa kimeishia hapo. Kisha siku moja nilikuwa naendesha Tononoka, mwanangu kando yangu, mbuzi akakatiza. Nilifunga breki, na kabla sijawaza lolote mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshamkaba mtoto kifuani. Nikaegesha. Walionifuata wakanipigia honi wakachoka.

Breki ya mkono iko kushoto kwa dereva, na siku ile ya vinyago mkono wa kushoto wa mama ulikuwa kifuani kwangu. Ndio ule nilioubandua nipate kujificha. Ami alipomuuliza, nilikuwa nimesimama mlangoni nikisikiliza. Mama alinitazama kidogo, kisha akanyamaza.