Jua Lisilopita Kiooni

Saa moja asubuhi taa inajiwasha kwenye kona ya karakana, na fundi vioo, mwenye umri wa miaka sitini na minne, anaiacha chai yake na kupiga magoti sakafuni. Anachungulia ndani ya kizimba cha mbao.

"Shemeji, umeamkaje? Njoo uote jua, usinitie aibu mbele ya mgeni."

Shemeji ni simbilisi, mnyama mdogo asiye na mkia, wa kujaa viganja viwili, mwenye manyoya ya kahawia. Anatoka kibandani mwake taratibu, mguu wa nyuma ukiburuta kidogo, kisha anajilaza chini ya taa. Fundi anahesabu hatua zake kwa sauti. Leo ni tisa. Wiki iliyopita zilikuwa nne.

Jina hilo ni utani, ila utani wenye sababu zake. "Alikuja na mke wangu, ni wa upande wao," anasema fundi. "Anakula kwangu, analala kwangu, na sijawahi kusikia asante. Sasa nimwite nani?"

Mke huyo alifariki miaka miwili iliyopita. Aliacha simbilisi wawili, dada na mdogo wake, na ombi moja alilolitoa akiwa kitandani hospitalini: asiwagawie watu wanyama wake.

Binti yao wa pekee anaishi nchi nyingine na hupiga simu kila Jumapili. "Ananiuliza, baba, mpo? Namwambia tupo, tunaendelea vizuri. Nikishakata simu, naangalia huku na huku, najiuliza ni akina nani hao."

Karakana iko mwisho wa uchochoro. Mbele anakata vioo, nyuma ya pazia ndiko anakolala. Zamani alikuwa na wasaidizi watatu. Siku hizi madirisha yanatoka kiwandani yakiwa tayari na vioo vyake, na akipata kazi ya madirisha mawili kwa siku anamshukuru Mungu. Wiki nyingine hapati hata moja. Huwa anashinda kutwa nzima, anasema, bila kusikia sauti yoyote isipokuwa ya almasi yake ya kukatia ikikwaruza kioo.

Enzi za mke, kila asubuhi wanyama walibebwa hadi uani. Mwenyewe aliketi nao juani, akifuma sweta. Fundi hakuwahi kuuliza kwa nini. "Nilikuwa namcheka tu. Nilimwambia, wewe na ndugu zako mnaota jua kama wastaafu."

Baada ya msiba, paka wa jirani akazoea kuruka ukuta wa ua. Fundi akaamua wanyama wakae ndani, dirishani, kwenye jua la kutosha. Kioo cha dirisha hilo alikikata mwenyewe, akakisugua mpaka ungedhani hakipo. "Nilijisifu, nisiseme uongo. Nilisema, mke wangu, tulia huko uliko, jua limewafuata ndani."

Mwaka haukuisha. Yule mkubwa akaanza kudondosha chakula mdomoni, kisha akakataa kutembea. Fundi alidhani ni majonzi. "Hata mimi nilikuwa sili. Nikasema, mwache mwenzangu aomboleze." Alimfia mikononi, mchana kweupe, mteja akiwa mlangoni anasubiri kioo cha bafuni.

Shemeji alipoanza dalili zilezile, fundi alimtia kwenye kikapu akafunga duka. Daktari wa mifugo, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alipiga picha ya mifupa na kumwonyesha: ilikuwa hafifu. Akamweleza kwamba katika jua kuna miale iitwayo UVB, na kwamba miale hiyo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Kwa mnyama anayeishi ndani, zipo taa zinazoitoa. Taa iwake mchana, iwekwe kwa umbali unaofaa, na pawepo kivuli cha kujificha.

Taa ilimla fundi malipo ya madirisha mawili. Akaifunga juu ya kizimba. Halafu akafanya jambo ambalo ni fundi vioo tu angeweza kulifanya. Akiogopa isije ikapasuka na kumwangukia mgonjwa, alikata kipande cha kioo, akakisawazisha kingo, akakilaza kati ya taa na Shemeji.

Miezi miwili ikapita. Shemeji akazidi kudhoofu, hadi hatua zikaisha kabisa. Daktari akaja mwenyewe kutazama.

"Mzee, hiki kioo kimefuata nini hapa?"

"Kinga, daktari. Tena kisafi hicho, hata hukioni."

"Baba yangu, miale ile haipiti kwenye kioo cha namna hii. Mwanga unapita, yenyewe inabaki huko juu."

"Na pale dirishani?"

Daktari aligeuka akalitazama dirisha. "Na pale dirishani."

Fundi anaposimulia hapa, anakigonga kioo cha dirisha kwa ukucha. "Miaka arobaini nawaambia watu kioo kinaleta jua ndani. Lo! Kumbe mtoto wa watu nimemfungia jua kwa mikono yangu mwenyewe."

Daktari alimwambia kwamba hakuna anayejua kwa hakika kilichomuua yule mkubwa, kwani hata chakula na umri huchangia. Fundi hakubali. "Ananifariji yule. Mimi najua."

Kioo kiliondolewa siku hiyohiyo. Sasa ni wiki ya sita. Daktari haahidi kitu. Anasema mifupa haina haraka, na mgonjwa anaweza asipone kabisa. Ila ameagiza jambo jingine: simbilisi hakuumbwa kuishi peke yake, atafutiwe mwenzake.

Mwenzake keshapatikana, kwa mwalimu mmoja mstaafu mtaa wa pili. Fundi amekuwa akipiga danadana kwa wiki tatu. Namuuliza kwa nini. Anamkatia Shemeji pilipili hoho vipande vidogovidogo, vidogo kuliko inavyohitajika.

"Nikitoka nikirudi, nikigusa tu kufuli, huyu ananipigia kelele huko ndani. Hakuna mwingine duniani anayejua kama nimerudi. Akipata mwenzake atakuwa na shughuli zake."

Anafuta mikono kwenye aproni. Jumamosi hii anakwenda kumchukua. Kibanda cha pili ameshakipigilia misumari.

"Mke wangu hakuniachia huyu anipokee mlangoni. Aliniachia aishi. Basi na aishi, na watu wake."

Ananisindikiza hadi kizingitini, ananishika mkono, hauachii.

"Ila wewe mwandishi, ukipita tena huku, usibishe hodi kistaarabu. Paza sauti."