Chuo Kisichofungwa

Juma lililopita nilikuwa kwenye studio ya picha hapa Nyeri, nikingoja zamu yangu. Kwenye kigoda aliketi msichana aliyetaka picha ya pasipoti. Babake, mkulima wa chai kutoka Othaya, alikuwa amesimama kati yake na kamera, kofia mkononi.

"Vyuo vikuu vya serikali viko hapa kwetu," mzee alisema. "Kwa nini uende cha serikali ya Uganda?"

"Baba, ndugu yangu si alichagua cha hapa? Saa hii ako wapi?"

"Ako shamba, anachuna majani."

"Ni kwa sababu wahadhiri waligoma, chuo kikafungwa. Hata mwaka jana alikuwa anachuna."

Mzee aliifikiria hoja hiyo. "Na anachuna vizuri," akasema.

Mpiga picha aliinama nyuma ya kamera yake na kukaa huko.

"Sasa huko Uganda wakifunga," mzee akaendelea, "utafika shamba siku gani?"

"Huko hawafungi, baba."

Mzee aligeuzageuza kofia, kama mtu aliyeonyeshwa kasoro ya ng'ombe aliyekwisha kumpenda. Kisha akamnyoosha bintiye kola, akatoka mbele ya kamera. "Usicheke," akamwambia. "Pasipoti haitaki meno."

Nilimcheka mzee huyo kimoyomoyo hadi nyumbani. Huko nikamkuta mwanangu, mwanafunzi wa sheria ambaye chuo chake pia kimefungwa, akikama. Sikumtajia Uganda. Ng'ombe wetu amemzoea.