Maua Yaliyobandikwa Kichwa Chini

Mke wangu Nesta alibandika karatasi kwa gundi miaka kumi na tisa, katika kiwanda cha uchapaji hapa Norwich. Tulimzika Februari. Mimi si mtu wa kuandika. Nilipanga maneno ya wengine, herufi moja moja za madini ya risasi, kiwandani humo humo.

Baada ya vita tulichapa jarida la mafundi wa herufi. Kila nakala ilibandikwa kwa mkono karatasi ya sampuli ya kuonyesha chapa. Mwaka 1948 sampuli ilikuwa maua ya urembo matupu, bila neno hata moja. Mpanga herufi yeyote aliyekuwa karibu alitia alama ya penseli upande wa juu, wanawake wa gundi waifuate. Siku hiyo nilikuwa karibu mimi.

Nesta akaitazama. "We Wilf, mbona haya maua yananing'inia?"

"Tangu lini mama gundi akamfundisha mpanga herufi? Bandika!"

Akabandika nakala mia sita.

Sisi wapanga herufi tunasoma kazi kichwa chini; ndivyo herufi za risasi zinavyopangwa. Jicho likizoea halikuulizi tena. Upande wa chini nilikuwa nimeuona kuwa ndio wa juu.

Msimamizi, Bwana Pargeter, akaja na nakala mkononi. Karatasi bado ilikuwa ya mgao wa serikali; za kuchapa upya hazikuwapo.

"Nani kakwambia ubandike hivi, Nesta?"

Sampuli yenye alama yangu ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Nesta, niliiona ncha; hakuitoa.

"Basi vua aproni, binti. Nenda nyumbani."

Mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, akila kwa kazi ile. Bado hakunitaja. Mkono wake ukaenda kwenye kamba ya aproni.

Kamba ilikuwa imeshafunguka nilipotamka: "Alama niliitia mimi."

Pargeter akanikodolea macho. "Basi utazibandua wewe. Kwa mvuke wa birika. Zote."

"Na yeye?"

"Afunge aproni yake."

Siku tatu nilishika birika, naye Nesta akazibandua kwa kisu butu. "Angalia vidole vyangu, bwana mkubwa. Hivi si maua ya kumwagiwa mvuke." Siku ya tatu nikamwomba tukanywe chai.

"Mvuke wote huu, na bado unataka chai?"

Lakini alikuja.

Nakala moja tuliiacha vilevile. Tulikaa nayo nyumbani miaka yote ya ndoa. Jana nimeifungua, nikaligeuza jarida zima kichwa chini.

Maua yakasimama. Alikuwa ameona sawa.